Mabinti wa jimnastiki wana nguvu jamani

Kuna watu bado wanaona jimnastiki ya wanawake ni urembo tu, nguo za kumeremeta na nywele zimebanwa vizuri basi. Mi nasema siku moja acha kumwangalia usoni, angalia vidole vya miguu akiwa juu ya ile boriti. Upana wake ni sentimita 10 tu, toka chini mpaka juu ni sentimita 125, na binti anajirusha kinyumenyume anatua hapohapo, unaona vidole vinavyoing'ang'ania, paja linacheza kidogo tu, tumbo limekaza, halafu mikono inapanda juu taratiiibu utadhani hakuna kilichotokea. Hapo ndo huwa naishiwa maneno. Yale madaha yote ni misuli inafanya kazi, ukiitoa misuli hayapo.

Kwenye vyuma viwili ndo usiseme. Kaylia Nemour wa Algeria, Olimpiki ya Paris 2024, ana miaka 17, anaachia chuma anazunguka hewani anakidaka tena, anaachia tena, na miguu muda wote imebana na kunyooka mpaka ncha ya vidole. Fikiria uzito wote wa mwili unavuta viganja na mabega kila akizunguka, na bado haonekani kuhangaika hata kidogo. Majaji wakampa 15.700, dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Afrika kwenye jimnastiki. Ile video nimeirudia mara kibao na bado nywele zinanisimama.

Simone Biles wa Marekani kila mtu anamjua ila naomba nimsifie tu, urefu wake kama sentimita 142 hivi, lakini akitoka mbio kwenda kuruka pale kwenye ile meza ya kurukia anapaa juu anapinduka mara mbili kinyumenyume miguu imenyooka, kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine alikuwa amekifanya kwenye mashindano, na tangu mashindano ya dunia ya 2023 kule Antwerp mruko huo unaitwa kwa jina lake. Na kutua sasa! Ule mshindo wote unaishia kwenye vifundo vya miguu na magoti, yeye anatakiwa asimame wima atabasamu.

Ila anayenigusa zaidi ni Oksana Chusovitina wa Uzbekistan. Alianza Olimpiki 1992 Barcelona, mwanae akaja kuugua saratani ya damu, mama akaendelea kushindana ili matibabu yalipike, 2008 Beijing akachukua medali ya fedha akiwa na miaka 33, tena akiichezea Ujerumani iliyompokea yeye na mtoto wake. Tokyo 2021 alikuwa na miaka 46 na bado anaruka, Olimpiki yake ya nane hiyo, akishindana na mabinti ambao umri wao angeweza kuwazaa. Alipomaliza ukumbi ukasimama kumpigia makofi, na mimi machozi yakanitoka wala sikuyazuia.