Historia ya kusikiliza

Leo mwalimu wetu wa historia katufungisha vitabu, akatuwekea sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili.

Kazi ya vikundi ilikuwa kuuchukua wimbo wake wa Kijiti kama ushahidi. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kauliwa, muuaji, huyo Kijiti, kavuka bahari, na waliofungwa ni mashahidi! Darasa lilinyamaza, kisha likaripuka. Kundi letu lilibishana mpaka kengele: huu ni wimbo tu, au ni wananchi wanaihukumu mahakama ya kikoloni? Mimi nasema wanaihukumu. Watu wasiokuwa na pa kusemea waliitia kesi yao kwenye taarabu, na sisi wanafunzi wa Unguja tunaisikia hadi leo. Tarehe za masultani nilizikariri tangu msingi, lakini hazikuwahi kuniuma hivi.

Sasa tunakusanya nyimbo za zamani mitaani: za harusi, za kazi, za mafumbo. Bibi yangu keshaniimbia mbili. Mwenye mzee anayezikumbuka nyengine, hasa za Makunduchi au Pemba, naomba aniandikie hapa, nije na daftari langu.