Kamati Inayopigiwa Simu Usiku: Tulivyounganisha Hospitali za Nairobi na Jirani

Nikimwambia mtu hapa Nairobi kwamba nimo katika kamati ya maadili, swali linalofuata huwa ni lini nitaupitisha utafiti wake. Simlaumu. Hiyo ndiyo kamati inayojulikana: ile iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambayo mwanafunzi wa uzamili huipelekea pendekezo lake, akalipia, akangoja. Kamati hizo zina kazi kubwa na sizidharau. Lakini mgonjwa wa kisukari anayekataa kukatwa mguu Ijumaa saa tatu usiku hana pendekezo la utafiti. Ana mguu unaooza, ana mke anayelia kwenye korido, na ana daktari wa zamu asiyejua kama kumwacha ni kumheshimu au ni kumtupa.

Mimi ni muuguzi. Nimehudumu miaka mingi katika wodi ya wagonjwa mahututi, na kwa miaka kadhaa sasa nimo katika kundi la wahudumu wa afya wanaoongoza mtandao mdogo wa kamati za maadili za hospitali za Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, zinazoshauri juu ya maamuzi magumu ya matibabu kama hayo. Hatuna ofisi wala bango. Naandika haya kwa sababu wenzangu wa kaunti nyingine wanaotaka kuanzisha mtandao wao huniuliza tulianzaje. Visa nitakavyovitaja nimevigeuza kiasi kwamba hata mwenyewe akivisoma hatajitambua.

Simu zilianza 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 13 Machi, na miezi iliyofuata wenzangu niliosoma nao chuo wakawa wananipigia usiku kutoka hospitali ndogo: tuna mashine moja ya kupumulia na wagonjwa wawili, nyinyi huko mngefanyaje? Sikuwa na mamlaka ya kuwajibu. Ila niligundua kwamba anayepiga simu ya namna hiyo kwa kawaida anazijua njia zote alizo nazo. Anachokosa ni mtu wa kufikiri naye kwa sauti, ambaye hayumo ndani ya vurugu ile. Korona ilipopungua simu hazikukoma, zilibadilika tu. Sasa ilikuwa ni mama anayekataa damu, mzee asiyeambiwa ugonjwa wake, kijana aliyevunjika shingo kwa ajali ya bodaboda na ndugu zake wasioelewana hata kidogo.

Wazo la kwanza lilikuwa kila hospitali iwe na kamati yake. Halikufika mbali. Hospitali ya ngazi ya nne yenye madaktari wachache haiwezi kuunda kamati huru, kwa sababu watakaoketi kwenye kamati ndio hao hao wanaomtibu mgonjwa anayejadiliwa. Tulisoma jinsi wenzetu wa jimbo la Nova Scotia, Kanada, walivyopanga: kila upande una kamati yake, na kuna mtandao mmoja unaozisaidia zote kwa mafunzo na ushauri. Wao wanashirikiana na chuo kikuu chenye idara nzima ya maadili ya tiba. Sisi tulikuwa na chumba cha mikutano cha kuazima na birika la chai. Tulichukua umbo, mengine tukayaacha.

Sababu iliyonishawishi mimi hasa kwamba lazima kazi hii iwe ya eneo zima ni barua ya rufaa. Wagonjwa wetu hawakai mahali pamoja. Mtu anaugua Loitokitok, anapelekwa Kajiado, anahamishiwa Nairobi, na akishindikana anarudishwa karibu na kwao. Daktari wa Nairobi ameketi na familia, ameeleza kwamba saratani imeenea, upasuaji hautasaidia, kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Familia imelia, imekubali. Halafu kwenye barua anaandika majina ya dawa, majibu ya vipimo, na mwishoni, "endelea na matibabu." Muuguzi anayempokea saa nane usiku katika hospitali ya kaunti hajui lolote kuhusu mazungumzo yale. Mgonjwa akizidiwa anafanya alichofundishwa: anapanda kitandani, anamkandamiza kifua, mbavu zinalia, mbele ya watoto waliokuwa wamejiandaa kumuaga baba yao kwa utulivu.

Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja ametenda kwa uaminifu kadiri ya alichojua. Na kamati ya hospitali moja, hata iwe na wanafalsafa watupu, haiwezi kuliona tatizo hilo kwa sababu linatokea barabarani, kati ya geti moja na lingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtandao wetu haikuwa kitabu cha mwongozo. Ilikuwa mstari mmoja kwenye barua ya rufaa: mgonjwa ameambiwa nini, familia imeambiwa nini, wamekubaliana nini. Afisa wa rekodi alituambia fomu zimeshachapishwa na hakuna bajeti ya kuchapisha nyingine. Tukaenda River Road, tukachonga mihuri ya mpira yenye maneno hayo, kila hospitali ikapata wake. Kati ya yote tuliyoyafanya, muhuri ule naona ndio uliotumika zaidi, na ulitugharimu pesa ya nauli na chakula cha mchana.

Kwenye uongozi ndiko palipokuwa na mvutano. Nilisimama imara kwamba mtandao uongozwe na watu wanaogusa wagonjwa: wauguzi, madaktari, maafisa wa kliniki, wafamasia, maafisa wa ustawi wa jamii. Tuna kasisi na imamu, tuna wakili anayetushauri, na tuna wawakilishi wa jamii ambao hawajawahi kuvaa koti jeupe. Lakini usukani uko kwa wahudumu, na uenyekiti unazunguka kutoka kada moja hadi nyingine. Wengine walitaka daktari bingwa awe mwenyekiti wa kudumu ili tupate heshima. Mimi niliona heshima hiyo ingetuua, kwa kuwa akishasema bingwa, nani mwingine atafungua mdomo?

Tukaweka utaratibu wa kusema. Anayekaa na mgonjwa saa nyingi zaidi ndiye anayeanza, na mara nyingi huyo ni muuguzi wa zamu au hata mhudumu anayembadilishia shuka. Bingwa anasema mwisho. Mmoja wa mabingwa, mtu mzuri ninayemheshimu sana, aliniuliza kwa hasira kidogo, "Sista, kwani siku hizi matibabu yataamuliwa kwa kura?"

Nikamwambia, "Hapana, daktari. Hatupigi kura kamwe. Tunashauri, ushauri unaandikwa kwenye faili, na uamuzi unabaki wako na wa mgonjwa wako." Alikuja kikao kilichofuata, na sasa ndiye anayefundisha madaktari walio mafunzoni jinsi ya kutuletea kisa.

Suala la kutohukumu tulilichukulia kwa uzito kwa sababu historia ya kamati hizi ina doa lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya raia wa kawaida ichague nani atibiwe. Walitazama kazi ya mtu, ndoa yake, hata kama anaenda kanisani. Aliyefanana na wao ndiye aliyepona. Ukisema hayo Nairobi, watu wanainama kimya, maana tunajua vitanda vya wagonjwa mahututi (ICU) ni vichache na tunajua jina la ukoo au simu kutoka kwa mheshimiwa inavyoweza kufanya kazi. Tukakubaliana kwamba mtandao hautalinganisha thamani ya watu wawili hata siku moja. Tunaweza kuuliza nani ana nafasi kubwa ya kupona na nani alifika kwanza. Kazi yake, kabila lake na anayemjua, hayo hayaingii chumbani.

Jambo lingine lililotuokolea muda mwingi ni kutenganisha maswali ya maadili na sheria iliyovunjwa. Tulianza kuletewa visa vya wagonjwa waliopona lakini wamezuiliwa wodini kwa sababu ya bili, na kina mama na watoto wao wachanga. Wajumbe walitaka tujadili: hospitali nayo itaishi vipi isipolipwa? Wakili wetu akatukumbusha kwamba Mahakama Kuu ilishatamka 2015, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mgonjwa kwa deni ni kuvunja haki zake. Hapo hakuna cha kujadili. Kisa kama hicho tunakiandikia barua kwa uongozi wa hospitali husika na tunamuunganisha mgonjwa na afisa wa ustawi wa jamii. Ndivyo ilivyo kwa dharura pia. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa taasisi inayokataa kuyatoa ilhali ina uwezo. Muuguzi anayeambiwa asimguse majeruhi hadi amana ilipwe hahitaji kamati. Anahitaji nakala ya kifungu hicho, na tumeibandika kwenye kuta za vyumba vya dharura.

Maadili yanaanza pale sheria inapokuachia nafasi ya kufikiri. Sheria hiyo hiyo ya Afya inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa, isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia kutamdhuru. Sasa njoo wodini. Mzee ana saratani ya koo. Kijana wake mkubwa, ndiye anayelipa kila kitu, anakushika mkono nje ya mlango: "Sista, tafadhali, mzee asijue. Akijua atakufa kesho." Utamwambia nini? Madaktari wachanga hukimbilia kifungu cha sheria na kumfokea kijana kana kwamba ni mhalifu, naye ni mtoto anayempenda baba yake. Wahudumu wakongwe wa wodi nao hukubali haraka, wakaanza kumdanganya mgonjwa kwamba ni vidonda tu.

Tulichojifunza kushauri ni kutoanza na jibu. Mwulize mzee mwenyewe: ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako, na ungependa nani aketi nawe tukizungumza? Wapo wanaosema, ongeeni na kijana wangu, mimi nimechoka. Hilo nalo ni uamuzi wake, uandikwe. Mzee huyu tulipomwuliza alicheka hadi akakohoa. "Nilijua," akasema, "siku mlipoacha kunigombeza." Kisha akaomba kijana wake aitwe, kwa kuwa kulikuwa na shamba ambalo hajagawa. Kijana aliingia akiwa na hofu, wakaongea mpaka muda wa kuona wagonjwa ukapita, na hakuna mlinzi aliyethubutu kuwatoa.

Siri ilitusumbua kwa namna ya kisasa zaidi. Kila kundi Kenya lina WhatsApp yake, na mtu akiwa na shida anapiga picha ya faili anaituma. Taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, fikiria jamaa wa mgonjwa akiwa mmoja wa wajumbe. Kundi letu la WhatsApp ni la tarehe za vikao na salamu za pole. Kisa kinaletwa kwa simu ya sauti, kwa mjumbe aliye zamu wiki hiyo, bila jina la mgonjwa. Tukikiandika kwa ajili ya mafunzo tunaondoa mtaa, tarehe na kazi ya mtu. Mji huu ni mkubwa, lakini ukisema "mwalimu mkuu wa kike aliyeungua mkono" mtu mmoja lazima atajua ni nani.

Pesa nitaigusia tu. Kampuni moja ya dawa ilijitolea kutulipia vikao hotelini. Tukakataa, ingawa si wote walifurahi, hasa nilipotangaza kwamba chakula kitakuwa mandazi. Kilichotusaidia ni pointi. Mhudumu wa afya anahitaji pointi za masomo endelevu ili leseni yake ihuishwe, nasi tukaomba mijadala yetu ya visa ihesabiwe. Ilipokubaliwa, ukumbi ukajaa, hata na watu ambao hapo awali walikuwa na foleni ya Thika Road kama kisingizio cha kudumu.

Kwa sasa tunabishana juu ya jambo moja: je, familia iruhusiwe kutupigia simu moja kwa moja, bila kupitia hospitali? Mimi naunga mkono. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayekaa nje ya mlango, na mara nyingi yeye ndiye anayeona kwanza kwamba mambo hayaendi sawa. Madaktari wengi wanahofia tutageuka dawati la malalamiko, na hofu yao haiko mbali na ukweli. Imamu yuko upande wangu, kasisi anasitasita. Kikao kijacho kiko Machakos na ajenda ya kwanza ni hiyo. Hoja zangu nimeshaziandika. Wakili naye ameandika zake, kurasa nyingi kuliko zangu.