Siku moja maishani mwangu: cherehani mchana, mashine ya pumzi usiku

Saa 10:50 alfajiri

Nimeamka kabla ya adhana. Kichwa chepesi. Hicho ndicho ninachokisikilizia kwanza kila siku, kabla hata ya kushika simu. Kwa miaka mingi niliamka na kichwa kizito kama niliyebebeshwa gunia, uzito uliokuja kunitoka kwenye saa tatu, nami nikajua ndivyo mtu mzima anavyoamka.

Nabonyeza kitufe, upepo unakata. Kioo kidogo cha mashine kinaniandikia: umelala kwa saa 6 na dakika 40, barakoa haikuvuja, pumzi ilikatika mara 2.8 kwa saa. Usiku niliopimwa mara ya kwanza, mkanda kifuani, kimrija puani na kibanio cha oksijeni kidoleni, zilikuwa mara 34 kwa saa. Wanahesabu kila pumzi inaposimama au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya 5 ni kawaida, ikifika 30 ni kali. Yaani mimi kila baada ya dakika mbili hivi koo lilijifunga, ubongo ukanishtua nipumue, nikarudi usingizini bila habari. Asubuhi ningekuapia kwamba nimelala fofofo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa apnia ya usingizi. Mashine inaitwa sipapu. Haikupumulii, kama wengi wanavyodhani. Inasukuma upepo puani kwa nguvu ndogo isiyokatika, na upepo huo ndio unaolizuia koo lisilale likajibana. Basi.

Saa 11:20

Nimeswali, naosha barakoa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji. Mafuta ya uso yakibaki kwenye silikoni upepo unavuja, na ukivuja unapiga jicho. Naianika ndani kwa sababu jua linaikausha ikapasuka. Kile kitangi cha maji ya kulainisha upepo leo nakiacha nyumbani. Joto la Dar lina unyevu wa kutosha, na bila kitangi mashine inakula umeme kidogo.

Nasema nakiacha nyumbani kwa sababu leo mashine inasafiri. Mama mdogo wa mume wangu amezikwa jana Kigamboni, na usiku wa leo ninakwenda kulala msibani. Nafungasha kila kitu kwenye kikapu cha ukili, naviringishia kanga mbili, na waya wa soketi wa mita tano juu yake.

Sijalala msibani tangu mwaka juzi. Nitafika huko.

Saa 1:15 asubuhi

Daladala ya Tandika kwenda Kariakoo. Nimepata siti ya dirishani na kikapu mapajani. Siti hii zamani ilikuwa kitanda changu. Gari likianza kutembea tu, nimekwisha. Mara ngapi kondakta amenigongea chuma, "Mama, tumefika mwisho," na kituo changu nimekipita zamani. Nilidhani ni kazi. Nilidhani ni umri, kwa maana yalianza kunizidi baada ya hedhi kukoma, na kila nikimwambia mtu nimechoka ananijibu, "Mama, ndiyo ukubwa huo." Kumbe hedhi ikikoma hatari ya apnia kwa mwanamke inapanda. Tena wanawake wengi hawaendi hospitali wakisema "nakoroma". Wanakwenda wakisema kichwa kinauma, nimechoka, usiku silali vizuri, na wanarudi na dawa za kichwa.

Mimi nilikuwa naamka mara nne usiku kwenda chooni, nikapimwa sukari mara tatu. Sukari haikuwepo. Daktari wa masikio, pua na koo ndiye aliyenieleza kwamba kifua kikivuta kwa nguvu huku koo limefungwa, moyo unadanganyika kuwa maji yamezidi mwilini, unaiagiza figo iyatoe. Sasa naamka mara moja, siku nyingine hata hiyo moja hakuna. Na nikakumbuka zile piritoni nilizokuwa nameza ili "nilale vizuri". Aliniambia niziache siku ileile, maana dawa ya kuleta usingizi inaweza kulilegeza koo ambalo tayari limelegea.

Saa 2:30

Kibandani. Leo nina sare 14 za kitchen party ya Jumamosi, magauni ya kitenge, na kanzu mbili. Natia mafuta cherehani, nageukia mikono ya magauni kwanza wakati mkono wangu bado mwepesi.

Kwenye kidole changu cha shahada cha kushoto kuna kovu dogo jeupe pembeni mwa ukucha. Sindano ilipita pale mchana mmoja, mguu ukiwa juu ya pedali. Sikuwa nimefumba macho kwa kupenda. Nilikuwa napindisha upindo, na kitu kilichofuata ninachokikumbuka ni maumivu. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba kitambaa kiliteleza.

Nilipoipata mashine, wiki ya kwanza nilikaribia kuirudisha. Mikanda ilinichora mashavuni mistari miwili ambayo haikufutika mpaka saa nne asubuhi, na wateja wakaanza kuuliza mume wangu amenifanya nini. Nikakata mabaki ya kanga laini, pamba tupu, nikashona mifuko myembamba inayovalishwa mikanda, mshono ukiwa upande wa nje usiguse ngozi. Nimeshona pea sita, nazibadilisha kama foronya. Mistari imekwisha. Fulana ya kulalia nayo niliishonea mfuko mgongoni, katikati ya mabega, nikatia mpira wa tenisi. Nikijisahau nikalala chali, mpira unanirudisha ubavu. Kulala chali ulimi na nyama za koo vinaanguka nyuma. Kwa apnia ndogo, wengine mkao peke yake unawasaidia sana. Yangu ilikuwa kubwa, mpira ni msaidizi tu.

Nilifurahi nilipojua kwamba kazi hii ilianza na kipimo cha mwili, kama yangu. Mwaka 1980, Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alimpulizia mgonjwa upepo puani usiku kucha, na mashine zake za mwanzo zilitumia mota za vifyonza vumbi. Barakoa zilifinyangwa kwa kufuata pua ya kila mgonjwa na kugandishwa kwa gundi kila usiku. Kila nikilalamika kwamba yangu inabana, nawafikiria wale wa kwanza.

Saa 6 mchana

Huyu ndiye mtu ninayetaka kueleza habari zake kuliko yote ya leo.

Amekuja kaka mmoja kupimwa kanzu ya ndoa ya mdogo wake. Dereva wa semi, anapiga Dar–Tunduma. Nimempima bega, kifua, urefu wa mkono. Nikazungusha futi shingoni: inchi 17 na nusu. Nikaandika, nikageuka kuchukua sampuli za kitambaa. Nilipogeuka tena alikuwa amekaa kwenye benchi, kidevu kifuani, anakoroma. Dakika haijaisha. Saa sita mchana, Kariakoo, na kelele zile.

Nikasikiliza. Korr, korr, korr, kisha kimya. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka 14. Kisha akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akafumbua macho, akasema, "Enhe, dada, nyeupe au ya maziwa?"

Futi yangu si ya hospitali. Ila moja ya maswali nane wanayokuuliza kabla ya kupima usingizi ni mzunguko wa shingo, na kwa wanaume inchi 17 ni alama. Mengine nikamuuliza mwenyewe, taratibu, kwa kuwa ni mteja na ni mwanaume wa watu.

"Kaka, naomba nikuulize kitu usinichukie. Nyumbani wanasema unakoroma?"

Akacheka. "Baba alikoroma, babu alikoroma. Ndiyo usingizi wetu huo, wa kushiba."

"Na shemeji hajawahi kukuamsha kwa kuwa umeacha kupumua?"

Hapo hakucheka. Akasema mkewe amehamia chumba cha watoto. Akasema presha anayo, vidonge aina mbili, na bado haishuki. Akasema akiendesha usiku anatafuna mirungi ya macho, neno lake hilo, "ya macho", na kuna sehemu za barabara huwa hakumbuki amezipitaje.

Nimeshona miaka 27, nimezoea kumwambia mtu kwamba kitambaa alichokipenda hakitoshi. Hili lilikuwa gumu zaidi. Nilimwonyesha kovu la kidole. Nikamwambia, mimi nilisinzia na sindano mkononi, kaka, wewe unasinzia na tani 30 nyuma yako. Nikamwandikia nyuma ya risiti: *apnia ya usingizi, daktari wa masikio, pua na koo, kipimo cha usiku.* Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kanzu anakuja kuichukua Jumatano. Nitamuuliza kabla sijampa.

Kukoroma si kushiba usingizi. Kukoroma kunakokatika kimya, kisha mtu akavuta pumzi kwa nguvu, ni mtu anayekabwa. Ningekuwa na kipaza sauti ningelisema hilo Kariakoo nzima.

Saa 8

Wali, maharage, mchicha. Chai ya mwisho ya siku. Nimepungua kilo 6 tangu mwaka jana na namba zangu zimeshuka kidogo, lakini wembamba nao wanaugua haya, kwa hiyo mtu asije akajifariji kwa kiuno chake.

Saa 10:30 jioni

Pantoni. Watu, bodaboda, matenga ya samaki matupu yanayorudi, upepo wa bahari. Nimekumbatia kikapu. Mashine hii ilinigharimu zaidi ya milioni 2, mkopo wa kikoba, rejesho la mwisho nimelitoa Agosti. Wapo waliosema fedha hiyo ningeongeza cherehani ya overloki. Ni kweli ningeongeza. Ningeisinzilia.

Njia nzima nilikuwa na wasiwasi mmoja tu: chumba kile cha wanawake.

Saa 1:20 usiku

"Poleni na msiba." "Tumeshapoa." Nimewashika mikono wakubwa, nimeketi mkekani, nimesaidia kuchambua mchele wa kesho. Kwenye kazi za msiba mtu hupata kusahau.

Mwaka juzi, kwenye msiba mwingine wa ukoo huu, tulilala wanawake tisa kwenye sebule moja. Usiku wa manane wifi yangu alinitikisa bega kwa mikono miwili: "Wewe! Pumua! Pumua!" Nilipofumbua macho, taa ilikuwa imewashwa na wote wamekaa kitako wananitazama. Mmoja alikuwa ameshaanza kusoma dua. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa mwanamke, kukoroma ni aibu anayoificha kama deni. Baada ya pale misiba nikawa nakwenda mchana na kurudi jioni, nasingizia mtoto, nasingizia kazi, na watu wakaanza kusema nimejitenga.

Lakini ni wifi huyohuyo aliyekuja kwangu wiki iliyofuata, akasema hakuja kunisema vibaya. Alisema, "Hukuwa unakoroma tu. Ulikuwa unakata pumzi." Bila neno hilo la mtu aliyeona kwa macho nisingejua la kumwambia daktari.

Saa 4:15 usiku

Taa ya sebuleni bado inawaka. Soketi ni moja, imejaa chaja. Mtoto wa shemeji akachomoa simu yake bila kuambiwa, "Weka yako, mama mkubwa." Nikatoa mashine kikapuni, nikaiweka chini pembeni ya mto, mrija nikaupitisha juu ya kichwa usivutike. Nikavaa barakoa mbele ya macho ya watu kumi na moja.

Kimya kidogo. Kisha bibi mmoja wa Mjimwema, aliyeegemea ukuta, akauliza, "Mwanangu, hiyo ndiyo dawa ya jinamizi?"

Nikavua kidogo nimjibu. "Shikamoo bibi. Ni ya koo kujifunga usiku."

"Marahaba. Marehemu mume wangu alikuwa akikabwa hivyo kila usiku. Tulikuwa tunamwekea kisu chini ya mto." Akanyamaza. Kisha akaomba asikie upepo wake. Nikamsogezea kiganja, upepo ukampuliza vidoleni, akakiacha pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Wifi akaja na mkeka wake, akautandika ubavuni pangu, palepale alipolala mwaka juzi.

"Si ungekaa kule kwenye godoro?" nikamwambia.

"Mwaka juzi sikulala kabisa. Ulivyolala tena baada ya kukuamsha nilikaa nakuhesabia pumzi mpaka adhana." Akajifunika kanga mpaka kidevuni, akageukia ukutani. "Washa, wifi. Leo na mimi nilale."