Mawese ya Mwandiga

Jana binti yangu aliniuliza mezani kwa nini mawese ni mekundu na mafuta ya dukani hayana rangi. Nikamwambia ule wekundu ni karotini, ile ile iliyomo kwenye karoti, na viwandani huondolewa kwa udongo maalumu na joto kali. Akaridhika, akarudi kwa mgebuka wake. Mimi mawazo yakaenda Mwandiga.

Nilikuwa mhandisi mpya wa uchakataji, nimezoea vihisi kila bomba, nikatumwa Mwandiga, Kigoma, kupima mawese ya wakamuaji wadogo. Yalikuwa yanakataliwa kwa sababu asidi yake ilizidi asilimia 5. Mama mmoja, fundi hasa wa kukamua, hakukubali. "Yangu yamekataliwa na nani? Watu wanatoka Ujiji kuyafuata!"

Tukakaa mkekani nyuma ya jiko na chupa mbili. Moja ina mafuta ya chikichi zilizochemshwa siku ile ile ya kukatwa, nyingine ya zile zilizolazwa karibu juma zima. Nikachukua kiasi kidogo tu, maana wekundu wa mawese hufunika rangi ya kipimo, nikayeyusha kwenye spiriti ya moto, nikatia dawa ya kipimo inayogeuka waridi asidi ikishamalizwa, nikaanza kudondosha kostiki soda inayoimaliza. Ya kwanza ikageuka waridi mapema, ikatulia. Ya pili, kila tone likileta waridi, nikitikisa linapotea. Mama akainama mpaka kilemba chake kikagusa mkono wangu. Tone, limepotea. Tone, limepotea tena.

"Inakunywa," akasema taratibu.

Nikamweleza kwamba tunda likishakatwa au kuchubuka, kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja mafuta kuwa asidi, na dawa yake ni joto. Ndiyo maana viwanda vikubwa huingiza mkungu mzima kwenye mvuke wa nyuzijoto 140 hivi kabla ya kazi nyingine yoyote.

"Nimeona, mwanangu. Lakini chikichi mbichi hazibanduki. Nikizilaza zinapukutika zenyewe. Zikiwa mbichi atazichambua nani?" Akanifunulia viganja. Miiba ya mikungu ilikuwa imevichora kila upande.

Kesho yake tukaupasua mkungu kwa shoka, tukachemsha vipande kwenye pipa. Chikichi zikaachia, kwa sababu joto linaloua kimeng'enya ndilo linalolegeza tunda. Mama alifurahi kweli. Kisha akautazama mzigo wa kuni ulivyokwisha. "Hizi ningepikia wiki nzima," akasema.

Kiwanda kikubwa hupata mvuke kwa kuchoma nyuzi na vifuu vya chikichi zenyewe. Kwenye ripoti nilichora jiko dogo la namna hiyo, ukurasa mzima. Kilichorudi Mwandiga ni maelekezo ya kuwahimiza wakamuaji wachemshe mapema, jambo ambalo yule mama alikwisha kuliona kwa macho yake. Sijui kama jiko lile lingetosha pipa zima. Nadhani lingetosha, na natamani sana lingejengwa walau moja, uani kwake, tukajua.