Msumari

Mwanzoni mwa 1975, nikiwa na miaka kumi na mmoja, niliushusha msalaba wa darasa letu kwa mikono yangu mwenyewe.

Shule yetu hapa Lubumbashi, Kongo, wakati ule Zaire, ilikuwa ya mapadri, hadi serikali ilipozichukua shule za makanisa mwisho wa 1974. Noeli nayo ilikuwa imefutwa kwenye sikukuu. Siku hiyo baba alishinda kazini Gécamines, kampuni ya migodi, kama Jumatano nyingine yoyote. Kisha ikaja amri: sanamu na picha za dini zibaki makanisani tu.

Mwalimu wetu ndiye aliyenifundisha katekisimu ya komunyo ya kwanza. Asubuhi ile aliingia na picha ya Rais Mobutu kwapani, kofia ya chui na yote. Akatupitia kwa macho.

"We mulefu, panda."

Nikapanda juu ya dawati. Msalaba ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, mgongo wake umejaa vumbi la chaki. Msumari ndio uliokataa. Niliutikisa, mwalimu akaugonga kwa jiwe huku na huku, plasta ikatumwagikia, wapi!

"Basi, acha."

Tukamtundika Rais kwenye msumari uleule wa Yesu. Leo nacheka, siku ile hakucheka mtu. Mwalimu aliuviringisha msalaba ndani ya kitambaa cha kufutia ubao, akaufungia kwenye kabati la chaki. Saa iliyokuwa ya dini sasa ilikuwa ya mobutisme, mafundisho ya Mobutu. Alifundisha yote akiwa ameelekea ubaoni.

Majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, na tangu 1972 karatasi zangu zilikuwa na jina la babu. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa miaka 5 ya jela, na Kardinali Malula, aliyethubutu kupinga, ilimbidi aende kukaa Roma. Kwetu, mlango ukishafungwa, mama aliniita Yozefu. Mobutu mwenyewe alikuwa Joseph kabla ya kutukataza.

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, hakugeuka.

"Uliushusha na mukono gani?"

"Wa kuume."

"Ule unafanyaka nao alama ya musalaba?"

Sikujibu. Akaniletea maji, nikanawa. Akaweka bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mbele yangu, akakaa kunitazama. Nikaanza kula kwa mkono wa kushoto.

"Kula vizuri, Yozefu," akasema.

Nikabadilisha mkono.