Mishumaa mitatu ndani ya ndoo

Jana jioni kijana wangu alikuwa anajiandaa kwa intero, jaribio la darasani, ya sayansi. Alisimama kando ya meza, macho juu kwenye mabati, akayatoa yote bila kukwama: gesi kaboniki haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu. Nikamwuliza, basi wale mbuzi wa Bulengo waliokufa na mazuku, gesi kaboniki inayotoka ardhini hapa kwetu Goma, mbona mchungaji wao alirudi nyumbani mzima? Akafungua kaye, daftari lake la notisi, akapekua, akaifunga. "Mama, hiyo haiko humu."

Usiku usingizi ulinikataa. Nilikuwa namfikiria Profe wa kemia.

Tulikuwa mwaka wa tano wa sekondari, seksio ya bio-kemia, katika darasa la mbao lililojengwa juu ya mawe ya lava ambayo volkano ya Nyiragongo iliyamwaga mjini Januari 2002. Masomo mengine yalikwenda kama kawaida: mwalimu anajaza ubao, tunakopia, anafuta, anajaza tena. Anayekopia haraka ndiye mwenye akili. Nilikuwa nakopia haraka, na nilisifiwa kwa hilo.

Profe huyu aliingia mikono mitupu, akauliza sababu: "Mazuku inaua mbuzi, inaacha mchungaji. Juu ya nini?" Mmoja wetu akamsomea sentensi ya kwenye notisi. Akasema, "Hiyo ni sentensi. Miye nimeuliza juu ya nini." Kimya. Mwishowe dada mmoja wa Keshero, ambaye alikuwa hasemi hasemi, akasema kwamba kwao mnyama akifa namna hiyo watu wanajua kuna jirani aliyefanya uchawi. Darasa likaanza kucheka. Profe akainua mkono, kicheko kikakatika, akaliandika jibu lile ubaoni kwa herufi zilezile alizoandikia kanuni za kemia. Kisha akaomba mengine. Yakaja: majani yenye sumu, pepo, gesi inayolala chini. Akageuka: "Kila moja hapa, kama ni ya kweli, tungeona nini? Na kama si ya kweli, tungeona nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kutuuliza hivyo. Kama ni sumu ya majani, kuku angekufaje, na mbwa je? Kama ni jirani, mbona mbuzi wa jirani mwenyewe amefia shimo lilelile? Tuliulizana haya kwa Kiswahili, kwa ruhusa yake, kisha tukaandika kwa Kifaransa. Ruhusa hiyo peke yake iliwafungua midomo watu ambao tangu mwaka wa kwanza tulikuwa hatujui sauti zao.

Siku iliyofuata akaja na ndoo ya plastiki, mishumaa, chupa ya siki na bikarbonati, ileile mama zetu walikuwa wakitia kwenye maharage. Akatugawa vikundi na kila mmoja akapewa kazi: wa kuandika, wa kusema, na mmoja wa kukataa. Huyo wa kukataa hakuruhusiwa kukubali jambo lolote mpaka apewe sababu. Katika kikundi chetu kazi hiyo iliangukia kijana wa Mugunga, na mimi nikapewa kalamu.

Mishumaa ilikuwa mitatu, mfupi, wa kati na mrefu, imesimamishwa kwa nta yake kwenye sakafu ya ndoo, huku ule mrefu ukichungulia juu ya ukingo. Bikarbonati ikamwagwa kuizunguka. Swali: tukimimina siki, upi utazimika kwanza? Wengi tukasema mfupi. Kijana wa Mugunga akakataa, na hakukataa kwa sababu tu ndiyo kazi yake. Kwao, umeme ukikatika, yeye na wadogo zake walikuwa wakifunika mishumaa kwa bokali, kopo la kioo. "Mrefu ndio unazimika wa kwanza. Nimeona na macho yangu." Tukapiga kura kwa mikono. Profe hakusema nani yuko sawa. Alisema, mtafute anayepingana nawe, umshawishi, halafu tutapiga kura tena. Zikawa kelele tupu. Kura ya pili ilipopigwa, nusu ya darasa ilikuwa imehamia upande wa kijana wa Mugunga, kwa sababu yeye alikuwa ameona, na sisi tulikuwa tumekopia.

Profe akawasha mishumaa, akainamisha chupa taratibu, siki ikateremka ubavuni mwa ndoo bila kugusa miali. Povu jeupe likapanda kidogo likanyamaza. Tulikuwa tumebanana kuizunguka ndoo, wa nyuma wamepanda juu ya madawati. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu mwali wa mshumaa mfupi ukasinyaa, ukalala upande mmoja, ukaachana na utambi kana kwamba kuna aliyeunyanyua kwa vidole, ukatoweka. Moshi wake haukupanda. Ulitanda bapa katikati ya ndoo, ukaonyesha ukingo wa kitu tusichokiona, na tabaka lile la moshi likawa linapanda polepole kuelekea mshumaa wa kati. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Inakuja." Wa kati ukazimika. Mrefu ukabaki unawaka.

Nilimtazama kijana wa Mugunga. Hakuinamisha kichwa. Akasema, "Profe, na ya kwetu ilikuwa kweli." Hapo mwalimu mwingine angemwambia akae. Profe akachukua bokali lililokuwa linawekwa chaki, akalimwaga, akawasha mshumaa mfupi na mrefu juu ya meza, akaifunika yote miwili. Mrefu ukazimika kwanza.

Gesi ni ileile kaboniki, iwe imetoka kwa siki na bikarbonati au kwa mshumaa unaowaka, na majibu yakapingana mbele ya macho yetu. Profe akaketi dirishani, akafunga mdomo. Tulibishana mpaka kengele ya mapumziko ikalia na hakuna aliyetoka. Aliyelifungua fundo ni yule dada wa Keshero. Alikuwa ameweka kiganja juu ya bokali akakiondoa haraka, kisha akagusa ubavu wa ndoo. "Ya bokali imetoka kwa moto, iko ya moto, inapanda. Ya siki iko baridi, inashuka." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, akiongea kama mtu aliyeko kwao: "Ndiyo maana mazuku ni mbaya usiku na asubuhi sana. Kuna baridi, na upepo haupigi."

Kila nikisikia mtu anasema watoto wetu hawawezi kufikiri, namkumbuka dada yule.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Mkuu mmoja alikuja kuuliza kelele ni za nini, akakumbusha kwamba programu iko nyuma na ekzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haingoji mtu. Profe akarudi ubaoni, mwaka uliofuata akaondoka. Kwenye ekzeta tulichagua majibu yaliyokwisha kuandikwa, na siwezi kudai kwamba ndoo ile ilitupa asilimia zaidi. Baadaye nilisoma habari za Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ambaye tangu 1991 aliwafanya wanafunzi wake wapige kura, wajadiliane na jirani, wapige tena, baada ya kugundua kwamba walikokotoa vizuri bila kuelewa. Nilifurahi kumjua, lakini kura ile mimi nilikuwa nimeipiga Goma.

Mei 22, 2021, Nyiragongo ikalipuka tena. Alfajiri ya tarehe 27 tukaamriwa kuhama, tukaishika njia ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani na kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Kila mdomo ulisema ziwa litalipuka. Chini ya Ziwa Kivu kuna takriban kilomita za ujazo 300 za gesi kaboniki na 60 za metani, zimeshikwa na uzito wa maji, na yaliyotokea Ziwa Nyos, Kameruni, Agosti 1986, watu zaidi ya 1,700 kufa usiku mmoja, tuliyajua kwa Profe. Njiani nikakutana na kijana wa Mugunga, sasa baba wa familia. Akaniuliza, kama ziwa litatoa gesi, mbona tunakimbilia mji mwingine wa kando ya ziwa? Akawachukua wake, akapanda milima ya Masisi. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, na milimani kulikuwa na bunduki. Nikabaki Sake, kwenye uwanja wa kanisa.

Ziwa halikutoa kitu. Yeye alirudi na mtoto mwenye nimonia, mimi nilirudi na wangu wazima. Hadi leo tukikutana sokoni tunabishana. Anasema alifikiri sawasawa na angefanya vilevile kesho. Mimi namwambia alihesabu gesi, hakuhesabu bunduki wala mvua. Anajibu kwamba mimi nilifuata umati, nami nakataa, kwa sababu nilizo nazo. Hakuna bado aliyemshawishi mwenzake.