Siku moja ya mtendaji wa mtaa, masika

Wengi mtaani kwangu wananijua kwa muhuri. Anayetaka barua ya benki, ya NIDA au ya kwenda kumdhamini ndugu yake polisi lazima apite kwangu, na wapo wanaodhani kazi inaishia hapo. Mimi ni mtendaji wa mtaa, Temeke, Dar es Salaam. Nusu ya mtaa iko juu, penye lami na maduka. Nusu nyingine iko bondeni, Mto Kizinga unakopita kwenda baharini. Siku hii ninayoisimulia ni ya mwezi wa nne, na tahadhari ya mvua kubwa ilikuwa imetoka jana yake jioni.

Saa 12 asubuhi. Nasoma tena tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya chai. TMA wana ngazi tatu: angalizo lina rangi ya njano, tahadhari ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu. Yetu ni ya chungwa. Chini kuna maneno ninayoyajua kama jina langu: makazi kuzungukwa na maji, baadhi ya shughuli kusimama.

Grupu la mtaa limeshachafuka. Mtu karusha sauti ya bwana asiyejulikana anayeapa kwamba kimbunga kimeshatoka Comoro kinakuja. Naifuta, naweka tangazo lenyewe, halafu naongeza ya kwetu: walio bondeni pandisheni vitu juu, vyeti na kadi za kliniki viwekwe kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, swichi kuu izimwe kabla maji hayajagusa kizingiti, mtoto asitumwe dukani kuvuka mtaro. Jibu la kwanza linaingia kabla sijaweka simu chini: "Kama kile cha Jobo?"

Jobo kilitangazwa Aprili 2021. Nchi nzima ikashika roho, kikafia baharini, Dar hatukuona kitu. Hidaya cha Mei 2024 kilisimamisha boti za Zanzibar, na watu wa Mafia, Kilwa na Lindi hawahitaji kuelezwa kilichofuata, barabara ya kusini ilikatika. Lakini mtu wa Temeke anapima tahadhari kwa kilichomkuta yeye. Simlaumu. Mvua za Desemba 2011, zilizoua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, hazikuwa hata na jina.

Saa 2. Ofisini foleni imeshafika kwenye mlingoti wa bendera. Barua, barua, ugomvi wa mpaka wa choo, barua. Mama mmoja anataka barua ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato inayotengewa wanawake, vijana na wenye ulemavu, na kikundi chake hakijaandika muhtasari wa kikao. Namkalisha na binti anayejitolea ofisini wauandike hapohapo.

Huduma hii ndogo naichukulia kwa uzito, na sababu yake si wema. Usiku nitakapogonga mlango wa mtu kumwambia atoke, atakumbuka nilivyompokea alipokuja na shida yake. Mtendaji aliyemzungusha mtu wiki nzima kwa karatasi moja hawezi kumtoa kitandani saa sita usiku.

Saa 4 na nusu. Bwana afya wa kata amefika, twende kukagua mitaro. Taka za plastiki tumezizoea. Kilichotusimamisha leo ni nyumba moja ya wapangaji, nyuma kabisa, penye uchochoro. Ukutani, juu kidogo ya mtaro, limechomoza bomba la inchi nne kutoka kwenye karo la choo. Mdomo wake umezibwa kwa kiroba kilichojazwa mchanga, na kiroba kimefungwa kamba iliyopanda ukuta mpaka ndani uani. Yaani mvua ikikolea, mtu anasimama zake barazani, anavuta kamba, choo kinatapika chenyewe mtaroni, na hakuna aliyemwona. Bwana afya alicheka kwanza, maana fundi aliyebuni hiyo ana akili.

Mwenye nyumba akasema bomba ni la maji ya mvua. Bwana afya akamwuliza maji ya mvua yanafanya nini ndani ya karo. Kimya.

Maji hayo hayo ndiyo yanayoingia kwenye nyumba za bondeni, watoto wanayakanyaga, na kipindupindu hakibishi hodi. Kaandikiwa faini ya sheria ndogo na bomba likazibwa kwa saruji tukiwa tumesimama. Ila haki isemwe: gari la kunyonya maji taka haliingii uchochoro ule hata likisukumwa. Wapo vijana wa pampu za mkono wanaobeba kwa mapipa juu ya guta, nikampa namba yao. Faini bila namba hiyo, masika ijayo ningeikuta kamba nyingine.

Saa 7. Kikao cha kamati ya maafa. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imezishusha kamati hizi kutoka taifa hadi mtaani, nasi tunayo yetu: mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, bwana afya, mwalimu mkuu, imamu, mama wa vikoba, kiongozi wa bodaboda na kiongozi wa ulinzi shirikishi. Fungu la kamati hatuna. Tuna simu zetu na heshima tuliyonayo kwa majirani.

Ukutani kuna ramani iliyoanza kupauka. Inatokana na Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo wakapita mitaani na wenyeji wakiwauliza maji hufika wapi, yakifika hukaa muda gani. Kila mjumbe anaonyesha nyumba zake kwa kidole: hapa kuna bibi asiyetembea, hapa mama ana mtoto mchanga, hapa wapangaji wapya hawajui mto.

Ajenda iliyokula muda mrefu kuliko zote ni funguo. Kuna mwaka watu walitolewa bondeni wakapelekwa shuleni, wakakuta madarasa yamefungwa na mlinzi mwenye funguo anakaa ng'ambo ya mto. Wakakesha varandani na watoto. Basi leo mwalimu mkuu kakabidhi seti ya pili, imamu kapewa aihifadhi msikitini, na tukaandika kwenye muhtasari. Ukisoma taarifa za maafa utakuta maneno makubwa kama utayari na ustahimilivu. Huku kwetu utayari ulikuwa funguo za madarasa manne kwenye kipande cha waya.

Namba za Zimamoto, 114, na polisi, 112, kila mjumbe anazo. Tukafunga.

Saa 9 alasiri. Bondeni. Vijana wa mchanga wametuona kwa mbali wakatupa koleo na kujifanya wanaoga. Kuchimba mchanga mtoni kumekatazwa, nao wanajua, na wanajua tunajua. Kila koleo linautanua mto. Kuna mnazi niliouona ukiwa hatua nyingi kutoka ukingoni, leo mizizi yake inaning'inia.

Tunagonga nyumba hadi nyumba. Nimejifunza kutoanza na habari ya mvua. Mtu wa bondeni anaujua mto kuliko TMA, ukimhubiria anakuona mtoto. Ninauliza tu, leo mnalala wapi? Hapo ndipo sababu zenyewe zinapotoka, na karibu zote hazihusu maji.

Mpangaji mmoja kalipa kodi ya miezi sita. Akihama, mwenye nyumba hamrudishii. Mwingine anaogopa akitoka atapelekwa mbali, maana baada ya mafuriko ya 2011 watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, na baadhi wakarudi mjini kwa sababu kibarua kilikuwa mjini. Ikabidi nimhakikishie ni usiku mmoja tu, tena shule ya hapo juu.

Halafu tukafika kwa mzee mmoja ambaye mke wake anakaanga samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha tena?"

"Nimekuja kukuomba mlale kwa binti yenu, huko juu. Leo tu."

"Na friji nilale nalo?" Akanionyesha. Friji limewekwa juu ya matofali, sita kwa kila mguu, limefungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. "Maji yanachukua godoro, mwanangu. Mwizi anachukua friji. Maji nayajua yanakopita, mwizi simjui."

Nilisikia hilo hilo nyumba baada ya nyumba, kwa maneno tofauti. Watu hawang'ang'anii bondeni kwa ujinga. Nyumba ikiachwa tupu usiku wa mvua, umeme umekatika, kuna wanaosubiri hapo. Kwa hiyo tahadhari ya mvua isiyokuja na ulinzi ni nusu tahadhari, na semina zote za maafa nilizohudhuria, naomba radhi kwa waliotuandalia, sikuwahi kusikia mtu akilitaja hili. Usalama na maafa vinakaa kwenye mafaili mawili tofauti. Mtaani ni kitu kimoja.

Saa 12 jioni. Polisi kata amekuja kukaa na walinzi wetu. Ulinzi shirikishi una tabia yake: wakati wa hofu ya panya road, yale magenge ya vijana waporaji, mwaka 2022 vijana walijiandikisha wengi, kaya zikachanga bila kusukumwa, kisha hali ikatulia na michango ikatulia nayo. Waliobaki ni wachache, ila wanaaminika, na majina yao polisi wanayo.

Tukapanga hivi. Vitu vya thamani vya bondeni vinakuja stoo ya ofisi ya mtaa, vinaandikwa kwenye daftari kwa jina na namba ya nyumba, vinabandikwa namba kwa mkaa au maka. Kila lindo la bondeni liwe na kijana mmoja wa bondeni kwenyewe, kwa sababu mtu wa huko hamwamini mlinzi wa juu. Filimbi: ndefu mbili ni maji, fupi fupi za mfululizo ni mwizi. Polisi kata akasema wazi kuwa mwizi akikamatwa aletwe mzima, asipigwe. Kuna kijana alitaka kubisha, mwenyekiti akamkata macho.

Saa 2 usiku. Guta linapanda na kushuka. Magodoro, TV, cherehani, majiko ya gesi, begi la shule, spika kubwa kuliko mwenye nayo. Daftari liko kwa binti yule wa asubuhi, anaandika kwa tochi ya simu.

Mzee kaja na friji lake, analitembeza yeye mwenyewe kama bibi harusi. Nikamsomea: friji moja, jeupe, mlango una kutu. Akasema hapana, andika na samaki waliomo. Tukafungua, tukahesabu. Akasema sasa piga muhuri. Nikamweleza kuwa daftari la stoo halipigwi muhuri. Akakaa juu ya ndoo. Nyuma yake watu wamebeba magodoro kichwani, manyunyu yameanza, na mzee kakaa. Nikafungua droo, nikamnakilia kwenye karatasi, nikapiga muhuri, nikaweka sahihi na tarehe. Kuanzia hapo kila mtu akataka muhuri, wino ukakaribia kuisha.

Lakini walipanda. Familia ambazo miaka yote hubaki, safari hii zilipanda.

Saa 5 usiku. Mvua imefika kweli. Kwenye nguzo ya daraja la miguu vijana wa bodaboda walipaka mistari mitatu ya rangi, nyeupe, njano, nyekundu, na mmoja wao anaimulika kila baada ya muda na kunipigia. Nyeupe imezama. Robo saa baadaye, njano. Filimbi ndefu mbili. Msikitini imamu anatangaza kwa utulivu, majina ya vichochoro kimoja kimoja, bila kutisha watu. Bibi asiyetembea alikwishabebwa tangu magharibi.

Shuleni nahesabu watu na mwalimu mkuu. Watoto wamelala kwenye madawati yaliyounganishwa. Mama wa vikoba kaleta uji ambao sikumwomba, na sikuuliza umetoka fungu gani.

Saa 9 usiku. Mvua imekatika. Mstari mwekundu haukuguswa. Maji yaliingia nyumba za mstari wa kwanza, magotini, yakakaa kidogo yakarudi. Kuta mbili za matofali ya udongo zimelala, nyumba hazikuwa na watu. Mwizi hakuonekana. Naandika taarifa kwa mtendaji wa kata: hakuna kifo, hakuna majeruhi, kaya zilizoathirika orodha nitaleta asubuhi, dawa ya kutibu maji inahitajika, mtaro wa uchochoro wa juu umeziba tena.

Kwenye grupu mtu wa juu, aliyelala usingizi wake wote, ameamka kuandika: "Ndiyo hii mvua mliyotukesheshea?" Emoji za kucheka, nyingi.

Saa 11 alfajiri, nikiwa ndiyo kwanza nimevua viatu, simu ikaita. Mzee.

"Mwanangu, stoo inafunguliwa saa ngapi? Umeme bado, na samaki ni wa leo."

Nikamwambia aje na karatasi yake yenye muhuri.